Kabla ya wiki nane sitoi paka, hata ulete ng'ombe

Siku moja saa mbili usiku napigiwa simu na jamaa simjui, hata salamu haijaisha anasema amesikia niko na watoto wa paka, anataka mmoja, "yule mdogo kabisa ambaye hajaizoea dunia". Namuuliza mzee wangu, unamtaka wa kazi gani, anasema panya wamemmalizia mahindi. Sasa we nieleze, mtoto wa wiki tatu, meno ndo kwanza yanachungulia, akikaa chini tumbo linamwangusha, panya wa Busia huyu ninayemjua mimi si atambeba mgongoni amtembeze mjini? Nikamwambia rudi baada ya wiki tano. Kimya. Halafu akauliza kwa upole kabisa, kwani unauza bei gani. Nikamwambia siuzi, lakini kabla ya wiki nane sitoi, hata ulete ng'ombe. Akakata.

Kwa wale wapya hapa: niko Busia, upande wa Uganda, mchana nauza mitumba, usiku nalea watoto wa paka waliookotwa mpaka wapate kwao. Hakuna aliyenituma. Kiswahili ndo chetu huku, cha sokoni, cha madereva wa trela, cha kugombana na cha kuchumbiana, hata baraza la mawaziri lilipopitisha mwaka 2022 kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni sisi tukaulizana, kwani siku zote tulikuwa tunaongea nini.

Hawa wanne wa safari hii walitoka stoo ya nafaka. Vijana wanaobeba magunia ndo walionipigia, "Mama Paka njoo, kuna kitu kinalia nyuma ya mtama." (Hilo jina nilishalikubali, zamani nilikuwa nakasirika.) Nikakuta wamewatoa, wamewaweka kwenye boksi la sabuni, wamewatilia maziwa ya ng'ombe kwenye kifuniko cha soda, na wamesimama duara wanangoja wanywe. Nia nzuri jamani, siwacheki. Lakini mtoto ambaye jicho moja limefunguka na lingine bado hajui sahani wala kifuniko, anajua kunyonya tu, na maziwa ya ng'ombe yanamharisha mpaka anakauka.

Mama yao alikuwa mtaroni, amekufa siku mbili hivi. Hakugongwa. Pale stoo wanatega dawa ya panya, panya anaila, anaanza kutembea polepole mchana kweupe kama mlevi anayerudi kwake, na paka akimwona anadhani leo Mungu amemkumbuka. Nitarudi kwa hii dawa.

Umri niliukadiria kwa macho. Paka huzaliwa haoni, macho huanza kufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, na masikio yanakuwa yamelala kichwani kama yamebandikwa kwa gundi, yanasimama taratibu. Hawa masikio yalikuwa bado yamelala, kwa hiyo nikasema siku tisa, kumi. Nikawapa majina ya pale walipotoka: yule wa rangi ya machungwa Mtama, mwenye milia ya kijivu Choroko, mweusi ti nikamwita Ufuta maana ufuta mweusi upo, na mweupe mdogo kuliko wote Mchele.

Kitu cha kwanza nilichofanya si kuwanywesha. Hapa ndo watu wengi wanaua bila kujua, na mi mwenyewe niliua wawili mwaka ule naanza, kwa hiyo naandika nikiwa najijua. Mtoto wa umri huo hawezi kujitunzia joto lake, anategemea tumbo la mama, sasa mama akikosekana kutwa anapoa mpaka tumbo lenyewe linaacha kusaga chakula. Ukimtilia maziwa akiwa baridi yanakaa humo yanachacha, au anayavuta kwenye mapafu. Unatia kidole kidogo mdomoni mwake: ukisikia ndani kuna baridi, weka hayo maziwa kando. Nilijaza maji ya moto kwenye chupa mbili za plastiki, nikazifunga na leso kuukuu, nikawapanga katikati na nafasi ya kujisogeza wakiona joto limezidi, nikakaa nao karibu saa nzima ndo Mchele akaanza kupiga kelele. Kelele ni habari njema. Anayenyamaza ndo wa kumwogopa.

Maziwa yenyewe sasa. Kuna maziwa ya unga ya watoto wa paka, ila huku Busia sijawahi kuyaona dukani, naagiza Kampala yanakuja na basi, karibu kilomita 200, na konda ananipigia akicheka, "nyabo, lile kopo lako la mtoto limefika". Usiku wa kwanza kopo lilikuwa bado, nikaenda kwa Hajati jirani anayefuga mbuzi. Maziwa ya mbuzi si suluhisho, hayatoshi kumkuza paka, lakini kwa usiku mmoja yanavusha. Hajati akanikamulia pale pale huku ananisemea, ati mtoto wako wa kuzaa ulimwachisha mapema ukarudi sokoni, hawa ndo unawaamkia? Nikamwambia Hajati nipe maziwa.

Natumia sirinji ndogo isiyo na sindano. Mtoto analala kifudifudi, tumbo chini, kichwa kimeinuka kidogo kama alivyo anaponyonya kwa mama. Msimlaze chali kama mtoto wa binadamu! Nimeona video za namna hiyo zimependwa na maelfu ya watu nikataka kulia, chali maziwa yanaenda mapafuni na baada ya siku mbili unaambiwa "alikufa ghafla". Tone kwa tone, yeye avute, usimsukumie. Kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, yaani saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili, na kati ya hapo unaosha sirinji, unachemsha maji, unabadilisha chupa iliyopoa, ukija kuweka kichwa kwenye mto alamu inalia. Kila baada ya kunywesha unachukua pamba yenye maji ya uvuguvugu unamfuta chini polepole mpaka akojoe, maana peke yake hawezi, mama yake humlamba. Mi nimetumia pamba, kuna mapenzi ambayo sina.

Daktari wa mifugo, ambaye wateja wake ni ng'ombe na kuku na akiniona anaanza kutabasamu kabla sijafungua boksi, aliniambia kitu kimoja tu cha lazima: pima uzito kila siku, saa ile ile. Mtoto anatakiwa aongeze kama gramu 10 mpaka 15 kwa siku, asipoongeza kuna jambo, hata kama kwa macho yupo sawa. Sasa mizani ya kusoma gramu utaitoa wapi, mizani ya sokoni kwake gramu 50 ni upepo. Nikakumbuka kuna mzee jirani ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, si mnajua Busia yetu ina dhahabu, mashimo ya Tiira huko watu wanachimba miaka. Ana kamizani kadogo kanapima mpaka nukta. Nikaenda kumwomba. Akaniuliza unapima nini, nikasema mali. Akaniazima.

Basi kila saa kumi na mbili asubuhi kitoto kinakaa kwenye kikombe cha plastiki juu ya mizani ya dhahabu, na mi naandika kwenye daftari la madeni ya mitumba, ukurasa wa nyuma. Siku ya kwanza: Mtama 214, Choroko 203, Ufuta 196, Mchele 148. Siku ya pili wote juu. Siku ya tatu Mtama 238, Mchele 149. Siku ya nne Mchele 146.

Kwa macho alikuwa sawa, analia, anavuta sirinji. Bila ile mizani ningesema ni mwembamba tu wa kuzaliwa. Nikamgeuza nikamfungua mdomo kwa dirishani penye mwanga: fizi zake nyeupe kama karatasi ya daftari lile lile, wakati za Mtama ni pinki kama ulimi. Nikapuliza manyoya ya shingoni, hapo nikaona vidoti vyeusi vinakimbia. Viroboto. Mtu mzima kiroboto anamwasha tu, lakini kijitu cha gramu 146 kina damu kiasi gani? Wanaimaliza.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Usiende dukani ukachukua poda ya mbwa. Dawa nyingi za mbwa zina pamethrini na kwa paka hiyo ni sumu, atatetemeka mpaka afe mkononi mwako. Na ile ya kusema ana homa nimpe kipande cha Panadol, hapana, Panadol inaua paka, hata kipande. Nilichofanya nilimwosha shingo mpaka mkia, kichwa nikakiacha, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, ukianzia kuzungusha povu shingoni ili viroboto visikimbilie usoni, halafu taulo, halafu chupa ya moto, halafu chanuo lile la chawa lenye meno ya karibu karibu. Kila nikichana nazamisha chanuo kwenye kikombe cha maji ya sabuni. Nilihesabu mpaka 40 nikachoka. Maji ya kikombe yakawa ya hudhurungi, ile damu wanayoinya. Daktari akaongeza dawa yake na kunywesha kwa mara nyingi zaidi. Siku mbili uzito umesimama pale pale, mi silali, hata mteja akiniuliza bei ya suruali nasema "mia moja arobaini na sita". Siku ya tatu 153. Nikaenda kumwonyesha mzee wa dhahabu daftari, akasema hata kwake gramu saba si haba.

Wiki ya tatu mpaka ya tano ndo raha, sina mengi ya kusema hapo, wanatembea kama wamelewa, wanapigana na viatu. Beseni la mchanga nililiweka tu kona wakalielewa siku mbili, paka kuzika uchafu wake anazaliwa nalo. Beseni nalisafisha kila siku, tena mapema. Binti wa dada yangu aliyekuwa hapa ana mimba nilimkataza kuligusa, kuna kimelea cha toksoplazima kinachopita kwenye kinyesi cha paka na ni hatari kwa mimba. Hakinyemelei siku ile ile, kinahitaji siku moja au zaidi nje ndo kiwe na nguvu, kwa hiyo beseni linalosafishwa kila siku si la kukimbilia mlango. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanasikia neno mimba wanatupa paka barabarani. Ah, na Choroko niliyekuwa namwita "bwana mdogo" wiki tano zote akatokea ni msichana. Kwa udogo huwezi kujua vizuri, hata daktari wa ng'ombe alikosea, tukalaumiana.

Chakula kigumu nilianza na mukene. Huyu samaki ukivuka tu pale mpakani hatua chache anabadilika jina anakuwa omena, ukienda Tanzania ni dagaa, samaki mmoja pasipoti tatu. Namchemsha bila chumvi, namsaga na maji, nachanganya na ini la kuku na yale maziwa ya kopo. Si mukene peke yake, paka wa samaki tupu anakosa vitu vingine. Na kwa heshima zote, si posho (ugali wetu huku) na maziwa. Wazee walishasema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya, watu wanadhani hilo ni fumbo la tabia za binadamu tu, kumbe hata paka mwenyewe ndo alivyo, mwili wake umeumbwa kwa nyama, unga unamjaza tumbo tu. Mara ya kwanza Mtama alipoonja ini alikuwa anakula na kunguruma hapo hapo, amepanda na miguu yote minne ndani ya sahani ili ndugu zake wasifike.

Sasa ndo posa zikaanza.

Mi huwa naita posa, maana ni hivyo hivyo. Wakishafika wiki nne, tano, wakawa na sura zile za kwenye kalenda, watu wanakuja. Kila mtu anataka sasa hivi. Hoja yao huwa moja: akija mdogo atanizoea. Na ni kweli anaonekana yuko tayari, anakimbia, anakula kwenye sahani, we ukimkatalia mtu wiki ya tano unaonekana una roho mbaya au unapandisha bei.

Mwaka juzi nilikuwa na mmoja namwita Kiazi. Wa wiki tano. Akaja dada mmoja na mwanawe, kasichana ka miaka saba hivi, kakambeba Kiazi kakamweka chini ya kidevu, Kiazi akafumba macho. Mi nani nikatae? Mama ananiambia tuna nyumba nzuri, tuna mtoto anayempenda, na kweli vyote vilikuwepo. Nikampa na kachakula ka siku mbili kwenye mfuko. Siku ya nne yule mtoto akaja peke yake, amevaa yunifomu, ameshika mfuko wa mkate. Nilidhani amenirudishia mfuko wangu. Akasema, "Mama Paka, haamki vizuri." Kiazi alikuwa amelia usiku wa kwanza akitafuta wenzake, wakamhamishia jikoni alale huko, hakuna wa kulala juu yake, chakula kilipokwisha wakampa posho na maziwa kama walivyompa paka wao mkubwa zamani, akaharisha siku mbili. Nilimpasha joto, daktari akaja akamwekea maji chini ya ngozi, saa nane usiku Kiazi akafa. Yule dada sikumlaumu. Hakufanya kitu chochote kibaya ambacho mtu wa kawaida asingefanya. Mimi ndo niliyejua na nikatoa.

Kwa hiyo wiki nane, na wiki nane si kwa sababu niliisoma mahali nikaipenda. Kati ya ya tano na ya nane kuna mambo yanatokea ambayo hayaonekani. Anajifunza kuuma: Ufuta alikuwa anamng'ata Choroko sikio, Choroko anapiga ukelele anaacha kucheza, anampa mgongo, Ufuta anabaki anashangaa. Mara ishirini za hivyo ndo anajua nguvu ya meno yake. Umchukue kabla ya hapo, shule hiyo atakuja kusomea kwenye mkono wa mwanao. Anazoea watu, na dirisha la kuzoea watu ni dogo, wiki ya pili mpaka ya saba hivi, baada ya hapo mlango unaanza kufunga, kwa hiyo hawa wangu nilikuwa nawapitisha mikononi mwa wateja, mtu anajaribu jaketi mkono mmoja ameshika paka, redio imewashwa, boda zinapita, watoto wanapiga kelele, wazoee yote. Wanapata dawa ya minyoo kila baada ya wiki mbili. Na chanjo ya kwanza, ile inayokinga ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaofagia kundi zima, watu wanauita paravo ya paka. Kirusi chake kinakaa sakafuni hata mwaka, ndo maana kila kundi likiondoka nafuta sakafu kwa Jik, kipimo kimoja kwa vipimo 32 vya maji, baada ya kuosha kwa sabuni kwanza. Chanjo inatoka Kampala kwenye boksi la barafu, ikifika imepoa vizuri nashukuru, ikifika uvuguvugu tunaagiza tena.

Na uzito. Wiki nane mtoto anakaribia kilo. Kamizani ka dhahabu kalishakwama zamani, kanaishia gramu 500, mzee akaja kuchukua mali yake akakuta unyoya mweupe mmoja chini ya sahani, akaupuliza huku ananitazama. Tukahamia mizani ya muuza mukene.

Mtama alikwenda wa kwanza, kwa mwalimu mmoja mstaafu na mkewe, wiki ya nane na siku mbili. Walikuja mara tatu bila kuomba kumchukua, kukaa naye tu. Wakwe wa namna hiyo huwa siwaulizi mengi.

Choroko alipendwa na dada mmoja wa upande wa pili, Mkenya, ana saluni. Mtu mzuri sana, tatizo ni mpaka. Mnyama kuvuka anatakiwa awe na chanjo ya kichaa cha mbwa na karatasi za afya za daktari wa mifugo, na chanjo ya kichaa inachomwa kuanzia miezi mitatu. Kila niliyemweleza alinicheka: Mama Paka, sukari inavuka, mafuta ya kupikia yanavuka, we mpakize boda apite njia za panya. Paka apite njia za panya! Walifurahi sana na hiyo, ilizunguka soko wiki nzima. Lakini sikutaka, kichaa si mchezo, akimparua mtu huko nani atajua alichanjwa au la. Yule dada akasubiri mpaka wiki ya kumi na tatu, kila Jumapili anavuka kwa miguu kuja kumwona, na akaniahidi akifika miezi mitano anamfunga kizazi. Hilo nasisitiza kwa kila mtu. Paka anaweza kushika mimba ana miezi minne tu, anabeba kama siku 63 hadi 65, na huku paka shume hawalali.

Mchele wiki ya nane alikuwa gramu 690. Watu walimtaka sana, mweupe, macho makubwa, nikasema bado. Wiki ya tisa bado. Hajati alikuwa anakuja kuleta maziwa ya mbuzi ambayo hakuna aliyeyahitaji tena, anakaa, ananihadithia Abu Huraira, kwamba hilo jina maana yake ni baba wa kipaka, na kwamba yeye Hajati binafsi hapendi paka ndani, wanamwaga manyoya kwenye mswala. Mchele anamlalia mapajani. Wiki ya kumi na moja Mchele kafika gramu 980 na Hajati akamchukua "amsaidie panya wa banda la mbuzi". Hajawahi kuona hilo banda. Analala kwenye kiti cha Hajati.

Ufuta ndo alibaki. Mweusi. Huku paka mweusi watu wanamwogopa, wanasema wa wachawi, mmoja alimpenda mpaka akawasha tochi ya simu ndo akaona rangi, akakumbuka ana safari. Wiki ya kumi hakuna posa hata moja, na yeye ndo alikuwa mwindaji kuliko wote, amenishikia mende, amenishikia soksi, amenishikia mguu wa mteja.

Akaja mzee wa stoo. Yule yule wa stoo waliyookotwa. Panya wamezidi, amesikia kuna mmoja amebaki, na rangi kwake si neno. Nilimkalisha kwenye gunia la mitumba nikamwambia mzee, huyu mama yake alikufa kwako. Akasema hakujua, akadhani ni gari. Nikamweleza ile dawa inavyotembea kutoka kwa panya kwenda kwa paka. Alinyamaza, mtu mzima, mkubwa kwangu, unajua haikuwa rahisi kumsemea hivyo. Nikamwambia chagua, dawa au paka, viwili havikai stoo moja. Akaniuliza na panya je, mpaka huyu akue? Swali la haki kabisa. Tukakubaliana atege mitego ya chuma nyuma ya magunia ya juu, mashimo ya ukutani azibe kwa saruji na vipande vya bati, na dawa aitoe yote, nije niangalie kwa macho yangu kabla. Nilikwenda mara mbili. Ya kwanza nikakuta pakiti moja imesahauliwa juu ya mlango, au haikusahauliwa, nikarudi na paka wangu. Ya pili vijana wamefagia mpaka pembeni, na mmoja, yule aliyenipigia simu siku ile, amemtandikia Ufuta gunia tupu dirishani.

Jana nilipita kununua mahindi ya kilo kumi. Ufuta alikuwa juu kabisa ya magunia, amejinyoosha, mkia unaning'inia, ameota mabega. Nikamwita kwa ile sauti yangu ya saa tisa usiku. Akafungua jicho moja, akanitazama kama wanavyotazamwa wateja wanaoshikashika bila kununua, akalifumba. Kijana akanipimia mahindi, akaniongezea kiganja juu, nikaondoka.